Makundi ya Mababu kwa Mujibu wa Daftari la Ubatizo

Elimu-babu ni taaluma isiyo na kitivo wala profesa. Haina hata kiti: wanaoifanya husimama mlangoni mwa ofisi ya parokia, kofia mkononi, wakimsubiri katibu amalize kumwandikia bwana harusi cheti chake. Mada yake ni marehemu, chombo chake ni daftari la ubatizo, na ugumu wake wote unatokana na jambo moja: marehemu alipokuwa hai hakuna aliyemwambia kwamba atatafutwa. Kwa hiyo hakujiandaa. Alitaja jina, akakisia umri, akakitaja kilima chake kana kwamba nchi nzima haina kilima kingine cha jina hilo, kisha akarudi shambani.

Makala haya yanapendekeza kuwapanga mababu katika makundi. Hatutawapanga kwa ukoo, kwa kabila wala kwa idadi ya ng'ombe, maana mipango ya namna hiyo imeshafanywa Burundi na matokeo yake yanajulikana. Tutawapanga kwa namna wanavyomkwepa mtafutaji. Uwanja wetu ni Nyamugari. Msomaji makini atauliza: Nyamugari ipi, ya Gitega au ya Muyinga? Avute subira, swali hilo lina kundi lake.

Wakongwe wa fani hii ni Waingereza. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari, na kila Jumapili padri aandike humo waliobatizwa, waliooana na waliozikwa wiki iliyopita. Daftari lifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao padri na wa pili wakae nao wazee wa kanisa, maana Cromwell aliwajua watu wake. Kwa Burundi, Mapadre Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899. Walikuja na desturi ya madaftari iliyokwisha kukomaa, kwani Mtaguso wa Trento ulikuwa umeiagiza kwa Kanisa Katoliki zima tangu 1563. Hivyo mkulima wa Norfolk amemtangulia mkulima wa Muyaga kwa miaka 360. Ndiyo sababu Mwingereza mstaafu aweza kukueleza, bila kuulizwa na bila kukuachia mwanya wa kuaga, kwamba babu yake wa kumi na moja alikuwa fundi viatu.

Tusimwonee wivu kupita kiasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17 viliacha mapengo ya miaka mingi katika vitabu vyao, na panya wa vijijini wakamalizia kazi. Mwaka 1783 serikali yao ilianza kutoza peni tatu kwa kila jina lililoandikwa daftarini, ikawasamehe maskini. Umaskini ukaongezeka ghafla kurasani, ukapungua ghafla mwaka 1794 kodi ilipofutwa. Wanaodhani kwamba mtu hudanganya karani wa mkoloni tu, na wa kwao humwambia kweli, wausome ukurasa huo.

Kabla ya kuwafikia mababu, lazima tuseme neno kuhusu watafutaji, kwa kuwa babu hubadilika kulingana na anayemtafuta. Mtafuta-ndoa ndiye anayeonekana mara nyingi zaidi, na ndiye pekee anayepokewa kwa tabasamu: anataka mstari mmoja, wake mwenyewe, na akiupata haulizi uliotangulia. Mtafuta-shamba alionekana zaidi wakimbizi waliporudi kutoka Tanzania, hasa baada ya tume ya ardhi na mali nyingine kuundwa mwaka 2006. Huyu humtaka babu aliyeishi kilima kile kile, aliyefahamika na majirani wote, na aliyezaa mtoto mmoja tu. Mtafuta-hati wa ughaibuni, aliyeko Ubelgiji au Kanada, humtaka babu aliyezaliwa tarehe ambayo tayari imekwisha kujazwa kwenye fomu. Na yuko mtafuta-enzi, ambaye hata afungue daftari gani atatoka nalo akiwa kizazi cha Mwezi Gisabo. Mfalme huyo alifariki mwaka 1908. Ukiwajumlisha wajukuu wake wote wanaojitangaza leo, unashangaa alipata wapi nafasi ya kutawala. Lakini hata hilo si letu peke yetu: kwa Waingereza, kila anayetafuta kwa bidii hufika kwa William Mshindi, aliyevuka bahari mwaka 1066, na wote wanaonekana walishuka kutoka mashua moja naye.

Mtafuta-babu halisi, anayetaka kumjua tu babu yake bila shamba, bila pasi na bila taji, ni nadra mno. Katibu akimwona humshuku.

Sasa makundi.

La kwanza ni la BABU ALIYESUBIRI. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliweka sharti kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya mafundisho. Kizazi cha kwanza cha Wakristo wa Mugera na Muyaga kwa hiyo hakikuingia kitabuni kikiwa mikononi mwa mama. Kiliingia kwa miguu yake, watu wazima, wenye wake na mashamba, waliokwisha kuvaa medali shingoni na kufaulu mitihani ya katekisimu. Babu huyu hutokea daftarini kama Adamu: amekamilika, hana utoto. Wazazi wake mara nyingi wamefungwa katika neno moja la Kilatini, paganus, yaani mtu ambaye hajabatizwa, na mlango wa kwenda kwa babu wa babu unafungwa hapo hapo. Hasara ya pili ni tarehe. Watu wazima walibatizwa kwa makundi, katika sikukuu. Ziko familia ambazo mababu zao wote walizaliwa mkesha wa Pasaka au siku ya Kupalizwa Bikira Maria, na wajukuu huisoma tarehe hiyo kwa fahari, wakisahau kwamba siku hiyo mzee alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Katika miaka ya 1930 subira ilizidiwa na umati. Wimbi la waongofu katika Burundi na Rwanda lilikuwa kubwa kiasi kwamba wamisionari wenyewe waliliita tufani. Elimu-babu inatoa hapa kanuni yake ya kwanza: padri anayeandika majina machache ana muda wa kuuliza, na padri anayeandika mamia ana muda wa kuandika tu. Babu wa mwaka 1905 unaweza kumpata na habari zake. Babu wa tufani utampata na nambari yake.

BABU WA TAKRIBANI hafichiki kwa jina bali kwa umri. Umri wake huishia sifuri au tano. Wataalamu wa idadi ya watu wanaifahamu tabia hii dunia nzima, lakini Burundi iliongezewa nguvu na kodi ya kichwa, iliyowaangukia wanaume wenye nguvu zao. Ukikuta mtu ana miaka 15 kwa karani wa serikali na 20 kwa padri mwaka ule ule, usimwite mwongo. Mwulize kwanza kila mmoja wa wale wawili alikuwa akitaka nini kwake. Tarehe za kuaminika ni zile zisizo na nambari. Aliyezaliwa Wabelgiji walipoingia amezaliwa 1916, na aliyeachishwa ziwa wakati wa njaa kubwa ya vita vya pili amezaliwa miaka ya mwanzo ya 1940. Bibi anayesema "nilikuwa nabebwa mgongoni tulipokwenda kutafuta viazi" ametoa ushahidi mzuri kuliko mhuri.

Kundi la BABU MWENYE JINA LAKE MWENYEWE linahitaji nafasi, kwa sababu hapa ndipo mbinu za Kiingereza zinapovunjika mguu. Mwingereza hufuata jina la ukoo. Akimpata Brown mwaka 1850 anamrudia Brown wa 1820, na Brown wa 1790, hadi amechoka yeye au wamechoka akina Brown. Kwa mapokeo ya Warundi hakuna jina la ukoo la kurithishana. Baba ni Niyonzima, mwana ni Ndikumana, mjukuu ni Hakizimana, na hakuna herufi moja inayosema kwamba hawa ni damu moja. Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima juu ya majina ya Burundi, kikachapishwa Paris mwaka 1983, na atakayekisoma ataacha kulitafutia jina la Kirundi ukoo. Jina hilo halikuambii mtu ametoka kwa nani. Linakuambia wazazi wake walikuwa na moyo gani wiki ile. Mmoja anamshukuru Mungu. Mwingine anawasema majirani: Baranyanka, wananichukia. Daftari la parokia ukilisoma kwa makini ni kumbukumbu ya sala na ugomvi wa vilima vyote vinavyolizunguka, na mtafutaji huondoka akijua babu wa babu yake aligombana na jirani, asijue tu jirani gani wala babu yupi.

Hata hivyo jina hilo lina fadhila ambazo Brown hana. Bukuru ni pacha wa kwanza na Butoyi ni wa pili; ukimpata mmoja unadaiwa mwingine. Ciza amezaliwa baada ya mapacha. Nyandwi ni mtoto wa saba na Minani ni wa nane. Mtafutaji anayemkuta Nyandwi peke yake katika daftari la parokia ya Rugari ameambiwa, kwa neno moja, kwamba kuna ndugu sita wakubwa, waliobatizwa kwingine, waliokufa wachanga au ambao hawakubatizwa kabisa. Mtaalamu wa Norfolk atalitazama jina la William Brown mpaka macho yamtoke na hatajua kama alikuwa mtoto wa kwanza au wa kumi na mbili.

Ubaya ni kwamba akina Bukuru ni wengi mno, na jina la mtakatifu, ambalo lingepaswa kuwatenganisha, huwachanganya zaidi. Padri wa Kilatini aliandika Petrus, aliyemfuata akaandika Pierre, katekista akaandika Petero. Babu mmoja ana nyuso tatu. Kinyume chake pia hutokea: nyuso tatu unazoziona ni za watu watatu kweli, na umetumia wikendi nzima kuwaunganisha. Mwenye kuona jambo hili ni dogo akumbuke kwamba wafalme wenyewe walilifanya kuwa mfumo. Kiti cha Burundi kilizungushwa kwa majina manne, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, kisha Ntare tena, na wanahistoria wamebishana kwa miongo kama mzunguko huo ulikwenda mara nne au mara mbili tu. Ikiwa wasomi wanapoteza wafalme wanane kwa mpigo, mtu wa kawaida asijione mjinga kwa kumpoteza babu mmoja.

Tukiwa bado kwenye majina, BIBI anastahili kundi lake, na hapa matokeo ni kinyume cha matarajio. Wengi hudhani kwamba bibi ni mgumu kupatikana kuliko babu. Kwa Uingereza ni kweli: mke huingia daftarini kama Mary, mke wa Thomas Brown, na jina alilozaliwa nalo limeyeyuka altareni. Kwa vizazi na vizazi nusu ya mti wa ukoo wa Mwingereza ni akina Mary. Mwanamke wa Kirundi haachi jina lake anapoolewa. Mstari wa ubatizo wa mtoto una jina la baba na jina la mama, lile lile alilopewa na wazazi wake, na ukiufuata upande wa mama unaweza kusonga mbele pale upande wa baba ulipokwama. Kwa hili moja daftari la Mugera linalishinda la Norfolk, tena kwa mbali. Cha ajabu ni kwamba watafutaji wengi hawalitumii. Wamesikia kwamba ukoo ni wa baba, basi wanaigonga kwa vichwa ile milango iliyofungwa, huku dirisha la mama liko wazi.

Na sasa BABU WA NYAMUGARI.

Nchi yenye vilima karibu elfu tatu vya kiutawala, na lugha moja ya kuvipa majina, haiwezi kukwepa kurudia. Nyamugari ni mtaa wa mji wa Gitega. Nyamugari iko pia Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki, na kati ya hizo mbili kuna Karusi nzima. Waingereza wana Newton na Sutton zao, makumi kwa makumi, lakini wao walijifunza kuongeza mkia: Newton ya juu, Newton ya bonde, Newton ya bwana fulani. Babu yetu hakuongeza mkia. Padri alimwuliza umetoka wapi, akajibu Nyamugari, na wote wawili walielewana kikamilifu, kwa kuwa walikuwa wamesimama mahali pamoja. Tatizo lilianza walipoondoka wote wawili na kubaki karatasi.

Kuhusu suala hili kuna mikondo miwili ya fikra. Mkondo wa kwanza, unaofuatwa na watafuta-enzi, unashikilia kwamba Nyamugari ni moja, ile yenye babu. Mkondo wa pili unasema usitafute kilima, tafuta parokia mama. Sisi ni wa mkondo wa pili. Parokia nazo zina ukoo, na ukoo wao umeandikwa vizuri kuliko wa watu. Babu wa upande wa Gitega wa kabla ya parokia za mjini anaanziwa Mugera. Babu wa upande wa Muyinga asitafutwe kwanza Muyinga, kwa kuwa jimbo la Muyinga limeundwa mwaka 1968 tu; aanziwe Rugari, misheni ya mwaka 1909, na ikiwa alibatizwa kabla ya hapo basi Muyaga, upande wa Cankuzo. Anayeandika barua kwa askofu wa Muyinga kuulizia ubatizo wa 1907 anamwuliza mjukuu habari za harusi ya bibi.

Serikali haikusaidia. Gitega katika karatasi za wakoloni ni Kitega, na Bujumbura ni Usumbura, kwa hiyo mtafutaji wa faharasa hukosa miji miwili mikubwa kabla hajakosa kilima. Kisha mwaka 2025 mikoa 18 ikawa 5, na Muyinga ikaunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Mtu aliyezaliwa Nyamugari ya Muyinga mwaka 1990 leo ana kwao katika mkoa ambao haumo kwenye hati yake yoyote. Wajukuu wake watatuandikia.

Vikundi vidogo tuvipitie haraka. BABU WA KUFANI alibatizwa na katekista akiwa mahututi, kilimani, kwa maji ya kibuyu. Kama alifariki ameacha mstari mmoja mfupi, na kama alipona, baadaye alikamilishiwa ibada na kuandikwa upya, akawa watu wawili. MSIMAMIZI WA WOTE ni yule katekista ambaye ni baba wa ubatizo wa nusu ya kilima; wajukuu humdhania tajiri au jamaa wa karibu, na ukweli ni kwamba alikuwa Mkristo wa karibu, tena mwenye subira. Asidharauliwe, kwani akijulikana yeye kilima kinajulikana. BABU WA MWINGEREZA ni wa kule walikofika Waanglikana katika miaka ya 1930, Buhiga na Matana, na huyo ana bahati ya kuandikwa na watu waliolelewa katika nchi ya Cromwell.

BABU WA MSIKITINI hayumo kabisa katika mpango huu, na hakuna sababu ya kumhurumia. Wajerumani walipohamishia makao yao Gitega mwaka 1912 walikuja na askari, na nyuma ya askari wachuuzi, watu wa Ujiji, wa Manyema na wa pwani, waliosema Kiswahili na kuswali. Vizazi vyao, sawa na vya Buyenzi na Rumonge, havina daftari la ubatizo. Vina kitu ambacho daftari linakionea gere: Salum bin Juma bin Hamisi. Kabla hujakaa umeshapewa vizazi vitatu, na ukikubali kahawa utapewa cha nne. Mkristo wa mtaa wa Nyamugari anahitaji Kilatini na kibali cha paroko kufika alipofika jirani yake Mwislamu kwa kujitambulisha tu.

Tumelibakiza makusudi kundi tunaloliona bora kuliko yote, la BABU WA PEMBENI. Mwaka 1907 Papa Pius wa Kumi alitoa amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, ikidai kwamba mtu akifunga ndoa popote duniani, taarifa ipelekwe parokia alikobatizwa, iandikwe pembeni mwa mstari wake. Nia ilikuwa kuwazuia wanaume wasioe mara mbili. Matokeo, ambayo Papa hakuyakusudia, ni kwamba ukingo wa daftari la ubatizo umekuwa sehemu yake yenye maana kuliko zote. Katikati ya ukurasa mtu amesimama siku moja, mchanga au mzima, kilimani kwake. Pembeni anatembea. Huyu kaolewa Bujumbura. Huyu kipaimara kakipata Ngozi. Huyu amekuwa padri, na ukingo wake umetulia. Kanuni 535 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 bado inadai maelezo hayo ya pembeni, na parokia inayoyaandika kwa uaminifu ina historia ya uhamaji wa Warundi ambayo hakuna ofisi ya takwimu inayo.

Baada ya mauaji ya 1972 pembe hizo zilianza kupokea Kiswahili. Maelfu walikimbilia Tanzania na kuwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walioana huko, watoto wao wakabatizwa huko kwa vyeti vyenye Jina, Baba, Mama na Msimamizi, na parokia za huko zilidaiwa taarifa zile zile za ndoa. Taarifa iliyofika inamwambia ndugu aliyebaki kitu kimoja ambacho hakuwa na njia nyingine ya kukijua, kwamba mwaka ule mtu wao alikuwa hai, tena na sherehe. Pembe tupu haina maana moja. Huenda mtu hakuoa. Huenda alihama dhehebu. Huenda paroko mmoja hakuwa na stempu. Elimu-babu inawakataza wanafunzi wake kuifasiri pembe tupu.

Daftari la wafu ndilo jembamba kuliko yote. Aliyefia kilimani, mbali na misheni, alizikwa na wake bila mtu kwenda kuandika, na hilo ni la kawaida. Lakini kuanzia mwisho wa Aprili 1972 kuna watu wengi sana, walimu, makarani, wanafunzi, wakulima, ambao hawakuzikwa na watu wao wala hawakuandikwa popote kwamba wamekufa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja ya Karusi, kando ya mto Ruvubu, kati ya Gitega na Muyinga, na kutangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, kwa miwani, kwa rozari. Hapa hatuna kundi la kupendekeza. Kwa wengi wao mstari wa ubatizo, wenye jina, kilima, baba na mama, ndio karatasi pekee inayosema kwamba waliwahi kuwapo, na karatasi hiyo iko katika nakala moja, ndani ya kabati, chini ya paa la bati.

Waingereza waliagizwa tangu 1598 kupeleka kwa askofu kila mwaka nakala ya yaliyoandikwa, na nakala hizo zimeokoa parokia nyingi zilizoungua. Wamormoni wa Utah wamepiga filamu za madaftari ya nchi nyingi na kuziweka ndani ya mlima wa mawe. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 470, zilimtaka kila paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwaka. Sheria za 1983 hazikulirudia sharti hilo. Maaskofu wa Gitega, Muyinga na Ruyigi wanaweza kulirudisha kwa waraka wa ukurasa mmoja, simu ya katibu ikawa mashine ya nakala. Walirudishe mwaka huu, waanze na Mugera, Rugari na Muyaga, na wapige picha ukurasa wote, pamoja na pembe.